Chipu gani, ulinzi gani? Ulinganisho kwa mwenye mtandao wa kebo Uganda

Anayetaka kuanzisha mtandao wa televisheni ya kebo Mbarara, Gulu au kwenye nyumba za kupanga za Naalya huonyeshwa kitu kilekile na kila muuzaji: dikoda nyeusi ya plastiki, rimoti, na bei ya moja kwa dola. Bei hiyo haisemi mengi. Ndani ya dikoda mna kazi ya kampuni tatu ambazo mtazamaji hazijui: iliyotengeneza chipu, iliyotengeneza mfumo wa kufunga chaneli, na iliyoandika programu. Mwenye jina lililochapwa juu ya boksi mara nyingi ameziunganisha tu. Ushindani wenyewe uko kati ya hao watatu wa ndani, na ndio tunaowalinganisha hapa, kwa mtu anayepanga kununua dikoda kati ya 300 na 5,000.

Wengi huanza na dikoda, kisha chipu, na ulinzi huja mwisho kama nyongeza kwenye ankara. Ingefaa kwenda kinyume: kwanza ulinzi, pili chipu, tatu programu, na kiwanda cha kuunganisha kiwe cha mwisho.

Kwa nini ulinzi utangulie

Chipu ya kisasa ya dikoda ina kumbukumbu ndogo inayoandikwa mara moja na haifutiki. Kiwandani huchomwa humo namba ya pekee ya chipu, ufunguo wa siri wa mwenye mfumo wa kufunga chaneli, na ufunguo unaothibitisha programu ya kuwashia. Kuanzia hapo dikoda hukataa programu yoyote isiyo na sahihi ya mwenye ufunguo, hata ukiipakia kwa waya. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba mfumo utabadilishwa baadaye "kwa apdeti tu", ama haelewi anachouza, ama chipu yake haina ulinzi wowote. Ukikosana na mwenye mfumo baada ya miaka miwili, dikoda 3,000 zilizo sebuleni kwa watu zitakuwa zako kwenye karatasi pekee.

Uliza mambo mawili kabla ya kujadili bei. Chipu ina nafasi ngapi za funguo za msingi? Na ni nani anayeshika ufunguo wa kutia sahihi programu ya kuwashia? Jibu la kuridhisha kwa la kwanza ni nafasi mbili au zaidi, moja ikibaki tupu. Kwa la pili, ufunguo uwe mikononi mwako, au uwekwe kwa mtu wa tatu kwa masharti yaliyoandikwa. ETSI, taasisi ya viwango ya Ulaya, ilisanifisha ngazi ya funguo (mpangilio ambamo ufunguo mmoja hufungua mwingine ndani ya chipu) iitwayo K-LAD ili chipu moja iweze kupokea mfumo mwingine baadaye. Omba iandikwe kwenye mkataba kwamba chipu inaifuata.

Njia nyingine ya kutokea ni Simulcrypt: mifumo miwili hufunga mkondo uleule kwa pamoja, dikoda za zamani zikisoma mmoja na mpya zikisoma wa pili. Hugharimu seva mbili na kilobiti mia kadhaa za mkondo. Lakini hufaulu tu ikiwa mfumo wa kwanza umekubali kushirikiana, na baadhi ya wauzaji wadogo huizima makusudi. Ulizia kabla ya kulipa.

Wenye ulinzi: wakubwa na wadogo

Irdeto ya Uholanzi, iliyoanzishwa 1969, ndiyo inayofunga chaneli za DStv na GOtv, kwa hiyo jina lake halihitaji utambulisho Kampala. Nagra ni ya kundi la Kudelski la Uswisi, ambalo liliimeza OpenTV mwaka 2010 na kununua Conax ya Norway mwaka 2014. NDS ilinunuliwa na Cisco mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 5, ikauzwa kwa Permira mwaka 2018 na sasa inaitwa Synamedia. Viaccess-Orca iko chini ya Orange ya Ufaransa. Verimatrix ilikulia kwenye televisheni ya mtandao wa IP, ikanunuliwa mwaka 2019 na Inside Secure, nayo Inside Secure ikachukua jina la Verimatrix. Upande wa China kuna kampuni kama Sumavision, zinazouza mitambo ya kituo kizima pamoja na mfumo wao wa kufunga.

Kwa mtandao mdogo, wakubwa hawa hutofautiana kidogo kiufundi na sana kibiashara. Ada yao huja kwa sehemu tatu: seva na leseni ya kuanzia, ada ya kila dikoda, na matengenezo ya kila mwaka. Sehemu ya kwanza ndiyo inayomvunja mtu mwenye wateja 400, kwa sababu inakaribiana na ile ya mtu mwenye wateja 10,000. Wachina huipunguza sana hiyo, au huificha ndani ya bei ya mitambo. Ukiona seva imetolewa bure, tafuta ada hiyo imehamia wapi.

Kabla ya bei, hata hivyo, kuna mtu wa kuulizwa ambaye wanunuzi wengi humsahau: mwenye chaneli. Mikataba ya chaneli za filamu na michezo hutaja kiwango cha ulinzi kinachokubalika, na mara nyingine mifumo kwa majina. Pata orodha hiyo kwa maandishi kwanza. Ikiwa chaneli zako zote ni za bure za humu nchini na mbili tatu za dini, mfumo wa bei nafuu unatosha. Ukitaka soka la Ulaya au filamu mpya, huenda mfumo huo ukakataliwa siku ya kutia sahihi, na dikoda zikiwa tayari zimefika bandari ya Mombasa. Na kuchukua dikoda ya kampuni nyingine, kuichomeka kwenye modyuleta (kifaa kinachopakia chaneli kwenye kebo) na kuisambaza mtaani si njia ya mkato: ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, na leseni ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, haikulindi.

Kadi au bila kadi

Ufunguo unaofungua picha ni mdogo, baiti 8 tu katika CSA, usimbaji wa zamani wa DVB (viwango vya televisheni ya dijitali), na hubadilishwa kila baada ya sekunde kama 10. Kwenye mfumo wa kadi, kadi huutoa na kuukabidhi chipu. Ukisafiri kati ya kadi na chipu bila kusimbwa, mtu mwenye kadi moja halali anaweza kuunasa na kuutuma kwa majirani hamsini kwa bando dogo kabisa la simu, maana data yenyewe ni kiduchu. Huo ndio wizi wa kugawana kadi, na hausababishwi na kadi dhaifu. Husababishwa na dikoda ambayo kadi na chipu yake hazikuoanishwa.

Kwa hiyo swali la "kadi au bila kadi" lina uzito mdogo kuliko linavyopewa. Bila kadi na chipu yenye ngazi ya funguo ndani ya silikoni ni salama kuliko kadi nzuri kwenye chipu isiyo nayo. Bila kadi na chipu isiyo nayo, yaani ulinzi uliomo kwenye programu pekee, ni mlango wa mianzi. Faida ya kadi iliyobaki ni moja: ulinzi ukivunjwa, unabadilisha kadi wala hubadilishi dikoda. Hasara yake Uganda ni vumbi na unyevu kwenye midomo ya kadi, ambavyo huleta ujumbe wa "ingiza kadi" na safari za fundi zisizo na malipo. Kwa mtandao usiofikia dikoda 5,000 tunapendelea bila kadi, kwa sharti la ngazi ya funguo ndani ya chipu na usimbaji wa CSA3, unaotumia AES ya biti 128. Usikubali CSA ya zamani kwa mtandao unaoanza leo.

Chipu

Broadcom ndiye mkubwa wa kebo. Chipu zake za BCM7xxx hubeba ulinzi wa wakubwa wote, tyuna zake (sehemu ya kupokea mawimbi) hunasa bendi nzima kwa mara moja, na kiwanda kinachozitumia hupata nyaraka kamili. Kasoro yake ni kwamba mdogo hasikilizwi: mkataba wa usiri, kiasi kikubwa cha chini cha oda, na msaada unaopitia kiwanda tu. Ukubwa wake uliwashtua hata wasimamizi wa soko. Oktoba 2019 Tume ya Ulaya iliiamuru isimamishe kwa muda vipengele vya mikataba vilivyowafunga watengenezaji wa dikoda na modemu kununua kwake, na Oktoba 2020 ikakubali ahadi zake za miaka saba. Kwa mwenye mtandao wa dikoda 1,000, Broadcom huja kwa njia moja ya busara: kununua modeli ambayo kiwanda tayari kinaitengenezea mtandao mkubwa kwingineko, ukabadilisha nembo na menyu.

HiSilicon ya Huawei ilijaa kwenye dikoda za kebo za China, na chipu zake zilikuwa nzuri kwa bei. Vikwazo vya Marekani vya 2019, vilivyokazwa 2020, viliikata kutoka viwanda vya TSMC tangu Septemba 2020. Ukiletewa leo dikoda "mpya" yenye chipu ya HiSilicon ya familia ya zamani, uliza tarehe ya chipu na chanzo chake. Kuna bodi zilizofanyiwa ukarabati zinazouzwa kama mpya, na chipu iliyotolewa kwenye bodi nyingine inaweza kuwa tayari imechomwa funguo za mtu mwingine. Hiyo haitapokea zako kamwe.

Amlogic hutawala boksi za Android. S905X4, kwa mfano, ina viini vinne vya Cortex-A55 na husoma AV1 mbali na HEVC, ambazo ni njia mpya za kubana picha. Lakini Amlogic haikuzaliwa kwenye kebo. Tyuna na dimodyuleta (inayogeuza mawimbi kuwa data) huwekwa pembeni kama chipu tofauti, mara nyingi Si2168 iliyobuniwa na Silicon Labs, inayosoma DVB-T2 (ya antena) na DVB-C (ya kebo) zote mbili. Hakikisha kwenye mchoro wa bodi kwamba toleo la chipu lina viingilio vya tyuna: S905D iliwekewa, ilhali S905X iliyo ndani ya boksi nyingi za madukani haikuwekewa. Hakuna programu itakayoziba pengo hilo.

ALi ya Taiwan na MStar, iliyomezwa na MediaTek, ndizo zilizo ndani ya dikoda nyingi za bei ya chini. Huwaka haraka, hula umeme kidogo, fundi wa mtaani anazijua. Matoleo yao ya chini kabisa hayana ngazi ya funguo, na ya kati yanayo, na kwa macho dikoda ni zilezile. Dai namba kamili ya chipu pamoja na herufi za mwisho, kwa kuwa herufi hizo ndizo zinazotenganisha toleo lenye ulinzi na lisilo nao.

Jambo moja la mwisho kuhusu chipu: uhai wa mtengenezaji. STMicroelectronics, iliyokuwa jina kubwa kwenye dikoda za Ulaya na Afrika, ilitangaza Januari 2016 kwamba inajitoa kwenye biashara hiyo. Dikoda zilizokwisha uzwa ziliendelea kufanya kazi, lakini mwenye mtandao aliyetaka nyingine 2,000 za aina ileile alilazimika kuanza upya na chipu nyingine. Pesa nyingi nazo si dhamana. Mwaka 1999 Microsoft iliweka dola bilioni 5 katika AT&T, kampuni ya simu na kebo ya Marekani, na programu yake ya Windows CE ikatarajiwa kuingia kwenye mamilioni ya visanduku vya kebo vya Marekani. Haikuja kutawala kebo.

Programu: nyepesi au Android

Dikoda nyepesi ya Linux au ya programu ndogo ya kiwanda hutosheka na RAM ya megabaiti 128 hadi 256 na hufikia picha ndani ya sekunde 10 hadi 20. Ya Android inataka RAM ya gigabaiti 2 na hifadhi ya gigabaiti 8, na huchukua karibu dakika nzima. Mahali ambapo umeme hukatika mara tatu jioni, tofauti hiyo mteja anaiona kila siku. Kukatika kwa ghafla pia huharibu hifadhi ya eMMC ikiwa dikoda ilikuwa inaandika, na matokeo yake ni nembo inayoganda bila kuendelea.

Android ina maana pale mteja ana intaneti ya kudumu nyumbani. Hapo tena chagua Android TV yenye cheti cha Google, siyo Android ya bure iliyovishwa menyu ya televisheni: bila cheti na bila Widevine (ulinzi wa video wa Google) ya daraja la L1, Netflix haitatoa picha ya HD hata kama chipu inaiweza 4K. Pale ambapo mteja anategemea bando la simu, dikoda ya Android itakula bando hilo kwa maboresho ya programu usiku, na lawama zitakuja kwako. RDK, programu ya dikoda iliyoanzishwa na kampuni ya kebo ya Marekani, Comcast, mwaka 2012, ni nzuri, lakini inahitaji timu ya wahandisi ambayo mtandao mdogo hauna.

Kwa vyovyote, dai maboresho yapite kwenye kebo yenyewe, pamoja na nakala mbili za programu kwenye hifadhi, ili boresho lililokatizwa na umeme lirudishe ile ya zamani. Bila nakala ya pili, boresho moja la usiku wa mvua linaweza kuua dikoda za mtaa mzima.

Hesabu ya mawimbi

Chaneli moja ya masafa ya MHz 8 kwa kasi ya alama milioni 6.875 hubeba takriban megabiti 38 kwa sekunde kwenye 64-QAM, na karibu 51 kwenye 256-QAM; hizi ni njia za kupakia data kwenye mawimbi, ya pili ikibana zaidi. Chukua chaneli 60 za SD kwa megabiti 2 na 20 za HD kwa megabiti 6, zote zikibanwa kwa H.264: jumla megabiti 240. Zinatosha chaneli tano za masafa kwa 256-QAM, au saba kwa 64-QAM. Ukitumia MPEG-2, njia ya zamani ya kubana picha, kwa zile za SD kwa megabiti 4, jumla inakuwa 360, na hata kwa 256-QAM utahitaji nane. Dikoda za MPEG-2 pekee, kwa hiyo, ni ghali hata zikitolewa bure, kwani kila modyuleta ya ziada ni pesa. HEVC hupunguza zaidi, lakini kwa idadi hii ya chaneli nafasi si tatizo lako. Ichukue ikija bila nyongeza kubwa ya bei.

256-QAM inadai waya safi. Kwenye soketi ya mteja lenga nguvu ya dBµV 60 hadi 65 na MER (kipimo cha usafi wa mawimbi) ya dB 34 au zaidi. 64-QAM huvumilia MER ya 28. Waya wa koaksi wa RG6 hupoteza kama dB 20 kwa mita 100 kwenye MHz 800, RG11 iliyo nene zaidi kama 12 au 13, na spliti ya njia nne huondoa 7 hadi 8. Waya wa alumini uliopakwa shaba huonekana sawa siku ya kwanza, kisha viungo vyake huoza. Kwenye majengo ya zamani anza na 64-QAM bila aibu.

Jihadhari na dikoda zilizotumika kutoka Marekani. Huko kebo hutumia Kiambatisho B cha J.83, kiwango cha kimataifa cha kebo, kwenye MHz 6, na DVB-C ni Kiambatisho A. Tyuna isiyojua A haitashika chaneli hata moja. Dikoda za soko la ndani la China ziko kwenye A na MHz 8, hivyo hushika, ila nyingi zimefungwa kwa mtandao zilikotoka. Na kwa kuwa chaneli za bure za Uganda huruka kwa DVB-T2, dikoda yenye tyuna ya kusoma zote mbili humpa mteja UBC, televisheni ya taifa, na wengine hata siku kebo yako imekatika. Nyongeza ya bei ni ndogo. Sisi tungeilipa.

Umeme na radi

Adapta ya nje ya volti 12, ampea 1 hadi 1.5, ni bora kuliko pawasaplai iliyo ndani ya dikoda, kwa sababu ndiyo hufa kwanza na hubadilishwa bila kufungua boksi. Dai iandikwe volti 100 hadi 240, kisha ijaribu kwenye 265. Wateja wa sola huunganisha dikoda moja kwa moja kwenye betri. Betri inayochajiwa hufika volti 14.4, na kapasita ya volti 16 kwenye kiingilio, ikipata joto, haidumu. Omba kapasita ya 25 au uza kirekebisha volti.

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Dikoda inayowaka, inayoonyesha menyu vizuri lakini inasema hakuna mawimbi baada ya mvua, imeungua tyuna. Unganisha ganda la waya wa koaksi na ardhi ileile ya umeme pale unapoingia jengo, na weka kitenganishi kwenye kila nyumba.

Jaribio la kukubali, na uamuzi

Agiza sampuli 20 kabla ya oda. Ziwashe saa 72 mfululizo kwenye chumba chenye nyuzi 40. Punguza mawimbi kidogo kidogo kwa kipunguza nguvu hadi picha ianze kuvunjika, na uandike kiwango: sampuli zikitofautiana kwa zaidi ya dB 3, kiwanda kinachanganya tyuna. Pima muda wa kubadilisha chaneli iliyofungwa, usizidi sekunde 3. Kata umeme katikati ya boresho mara 50. Hatimaye jaribu kupakia programu isiyo na sahihi. Ikikubali, rudisha zote. Idhini ya aina kutoka UCC na ukaguzi wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, kabla ya kusafirisha vifanyike kwa modeli ileile uliyoijaribu, na VAT ya asilimia 18 uihesabu tangu mwanzo.

Hoteli ya vyumba 80 yenye chaneli za bure tu haihitaji mfumo wa kufunga: modyuleta na televisheni zenye tyuna ya DVB-C zinatosha. Nyumba za kupanga zenye wateja 300 hadi 1,000 zichukue MStar au ALi ya toleo lenye ngazi ya funguo, bila kadi, programu nyepesi, na mfumo wa Kichina ulioruhusu Simulcrypt kwa maandishi. Mji wenye matarajio ya wateja 3,000 na chaneli za kulipia uanze na mazungumzo na Conax, Irdeto au Verimatrix, kisha uchukue chipu kutoka kwenye orodha yao ya zilizokwisha thibitishwa, hata ikiwa si ile ya bei ya chini. Android iwe daraja la pili kwa wateja wenye intaneti, isiwe dikoda ya kila mtu. Na katika kila oda nunua asilimia 5 ya ziada kutoka kundi lilelile la uzalishaji, pamoja na adapta asilimia 15.